Madoa Yakitoweka, Anza Kuhesabu

Simu ya kwanza ilikuwa ya furaha. Rafiki yangu mmoja wa Malindi, mwenye nyumba ya wageni upande wa Casuarina, ana tangi la kioo la lita 400 sebuleni. Wiki ile samaki wake walikuwa wamejaa vidoa vyeupe mwili mzima, kama walionyunyiziwa chumvi. Siku ya nne akanipigia akicheka.

"Kaka, wamepona! Njoo uone, hakuna doa hata moja."

"Umewapa dawa gani?"

"Sijawapa kitu. Wamepona wenyewe."

Nikampongeza. Mimi niliyefuga samaki wa maji ya chumvi hapa Kilifi miaka na miaka, niliyepaswa kumwambia akimbie akatafute beseni, nikampongeza. Siku ya tisa akapiga tena, na safari hii sauti ilikuwa chini. Kangaja amelala ubavu anahema. Vitatange wawili wamekufa usiku. Siku ya kumi na moja tangi lilibaki na kaa mmoja na mawe yake.

Makala haya nayaandika kulipa deni la pongezi zile. Ninalotaka ulishike ni moja tu: samaki asiye na madoa si samaki aliyepona. Ugonjwa huu haufuatwi kwa macho, unafuatwa kwa kalenda. Ukijua mdudu huyu anakaa wapi siku ya kwanza, siku ya tano na siku ya ishirini, utamshinda kwa beseni la plastiki na subira. Usipojua, hata dawa ya bei ghali itakuponyoka.

Doa limekwenda wapi?

Wafugaji huuita ugonjwa huu madoa meupe. Kimelea chake, kwa jina la kitaalamu Cryptocaryon irritans, ni kiumbe cha seli moja tu, na maisha yake hupita katika hatua nne.

Katika hatua ya kwanza kimelea hupenya chini ya ngozi ya samaki na ndani ya mashavu yake, kikaanza kula. Hapo hukaa siku 3 hadi 7, kikinenepa mpaka kionekane kwa macho. Hicho ndicho kidoa unachokiona. Hatua ya pili, kikishashiba, hutoka chenyewe, mara nyingi usiku, kikaanguka na kutambaa kwa saa kadhaa kikitafuta pa kukaa. Hatua ya tatu hujibandika kwenye jiwe, mchanga, kioo au bomba, kikajifunika gamba gumu. Ndani ya gamba hilo hujigawa tena na tena, na gamba moja laweza kutoa vitoto hata 200. Hatua ya nne vitoto hivyo huanguliwa, vikaogelea kumtafuta samaki. Visipompata katika siku moja au mbili, vinakufa.

Sasa rudi kwenye simu ya rafiki yangu. Madoa hayakuwa yamepona, yalikuwa yameshiba yakashuka chini. Siku ile anacheka, mchanga wa tangi lake ulikuwa umejaa magamba. Piga hesabu mwenyewe: samaki mwenye madoa 10 anaweza kurudiwa na vitoto 2,000. Wimbi la kwanza huwasha, la pili hudhoofisha, la tatu huua. Mara nyingi samaki hafi kwa sababu ya ngozi. Hufa kwa sababu mashavu yameharibika, akakosa hewa katikati ya maji.

Magamba mengi huanguliwa kati ya siku 3 na 28. Lakini watafiti wamewahi kuona gamba lililokaa siku 72 ndipo likatoa vitoto. Namba hiyo iweke akilini, tutairudia.

Watu huniuliza: mbona baharini samaki hawafi hivyo? Kimelea kipo baharini pia. Ila baharini kitoto kina siku moja au mbili za kumtafuta samaki katika maji yasiyo na kuta. Katika tangi lako samaki halali mbali na gamba hata mita moja. Kile ambacho bahari imekitawanya, sisi tumekikusanya ndani ya kioo.

Kwanza ujue ni yupi

Kabla ya kununua chochote, kaa mbele ya tangi dakika kumi. Washa saa ya simu, uhesabu samaki anafungua mashavu mara ngapi kwa dakika. Hesabu hiyo ni vizuri uwe umeichukua siku alipokuwa mzima, maana kila aina ina mwendo wake. Akizidi sana mwendo wake wa kawaida, mashavu yameshaingiliwa, hata kama ngozi ni safi.

Madoa meupe yana punje zinazohesabika, kama chembe za chumvi, hasa kwenye mapezi. Samaki hujikuna: hupita kasi akajipiga ubavu kwenye jiwe au mchanga. Kangaja na jamaa zake ndio hushikwa wa kwanza.

Ikiwa badala ya punje unaona vumbi jembamba, la rangi ya dhahabu au kijivu, hapo usingoje kesho. Zima taa za chumba, mulika samaki kwa tochi kutoka pembeni. Ngozi iking'aa kama kitambaa cha mahameli kilichopigwa vumbi, huyo ni Amyloodinium ocellatum, na ugonjwa wake huitwa mahameli. Huyu ni mwepesi kuliko wa madoa. Huanza ndani ya mashavu, kwa hiyo samaki anaweza kufa kabla hujaona kitu juu ya ngozi. Dalili yake kubwa ni samaki kukaa mbele ya mkondo wa pampu, mdomo wazi, na kukataa chakula. Tangi zima linaweza kwisha kwa siku chache.

Kwa yule samaki mdogo mwenye mistari myeupe anayelala kwenye anemoni, ambaye watoto wanamwita Nemo tangu filamu ya mwaka 2003, tazama ute. Akianza kuambuka ute mzito mweupe kama ngozi inayobanduka, mara nyingi ni Brooklynella hostilis. Nayo huua kwa siku chache, na shaba haiimudu. Tiba yake ni formalini, dawa kali inayotaka glavu, mahali penye hewa na mtu anayejua kuipima. Hiyo usiijaribu peke yako.

Wa nne ni minyoo bapa inayojishika juu ya ngozi na kwenye macho. Mmoja maarufu ni Neobenedenia. Ukiwa mwilini huuoni, maana ni wazi kama kioo. Samaki hujikuna, jicho huingia ukungu, ngozi hutoka vidonda. Kipimo chake ni rahisi: chukua maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yenye joto lile lile la tangi na yaliyotiwa hewa, umtumbukize samaki dakika 3 hadi 5 huku unamtazama. Kama ni minyoo, itageuka myeupe na kuanguka chini ya ndoo kama maganda madogo ya mchele. Samaki akilala ubavu asiinuke, mtoe mara moja. Aliyedhoofika sana usimtie kabisa.

Ukiweza kupata darubini, kwenye maabara ya shule au chuo kilicho karibu, kipande kidogo cha ute kitakupa jibu kwa dakika tano. Anayetibu kwa kubahatisha hulipa mara mbili.

Hospitali ya beseni

Samaki hatibiwi ndani ya tangi la nyumbani. Hilo ni sharti. Dawa nyingi zinazoua vimelea huua pia kamba, kaa, konokono, anemoni na matumbawe. Na mchanga wetu, ambao ni matumbawe yaliyosagika, hufyonza shaba, hivyo unatia leo na kesho kipimo kinasoma sifuri.

Hospitali haihitaji kioo. Tangi la plastiki la lita 100 linatosha kwa samaki wachache wadogo. Lisiwe na mchanga wala jiwe. Weka vipande vya bomba la plastiki samaki ajifiche, pampu ya hewa, na sponji iliyokaa ndani ya tangi zima lisilo na ugonjwa ili iwe na bakteria wa kusafisha uchafu. Kama huna sponji hiyo, jiandae kubadilisha maji kila siku, maana amonia itamuua samaki kabla ya kimelea. Lisha kidogo, ondoa mabaki.

Weka na pampu ya hewa ya betri. Stima ya kwetu inajulikana, na samaki mwenye mashavu mabovu hawezi kungoja irudi.

Njia tatu, chagua moja

*Kuhamisha.* Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu haina dawa. Unahitaji matangi mawili ya plastiki yanayofanana. Asubuhi ya siku ya 1 samaki anaingia tangi la kwanza. Baada ya saa 72, yaani asubuhi ya siku ya 4, unamhamishia la pili lenye maji mapya, wavu mwingine, bomba jingine, sponji nyingine. La kwanza unalimwaga, unalisugua, unalianika juani mpaka likauke kabisa. Siku ya 7 anarudi la kwanza, siku ya 10 la pili, siku ya 13 amemaliza. Mantiki yake ni hii: kimelea kinachoshuka kinabaki kwenye chombo cha nyuma, na kabla gamba halijaanguliwa samaki ameshaondoka. Ukichelewa siku moja umeharibu kazi yote. Na jua letu la Pwani, hasa wakati wa kaskazi, ni dawa ya bure: gamba lililokauka limekufa.

Njia hii inafaa kwa madoa meupe tu. Kwa mahameli usiitegemee.

*Kupunguza chumvi.* Maji ya bahari yetu yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita. Ukiishusha hadi 15 au 16 kimelea cha madoa hupasuka, samaki wengi wenye mifupa huvumilia. Sehemu 9 za maji ya bahari kwa 11 za maji baridi hukupeleka karibu na 16. Lakini usikisie. Maji ya visima vingi vya Kilifi na Malindi yenyewe yana chumvichumvi, kwa hiyo hesabu yako itakudanganya. Pima kwa rifraktomita baada ya kuchanganya. Maji ya mfereji yakae na hewa siku moja au mbili, klorini itoke, au tumia dawa ya kuiondoa. Shusha taratibu kwa siku moja hadi mbili, shikilia wiki 3 hadi 4 bila kuyumba, kisha pandisha polepole zaidi, karibu wiki nzima. Kupanda ndiko kunakomuumiza samaki. Papa, taa, kaa, kamba na anemoni hawaingii kwenye maji haya. Kuna vimelea vya madoa vilivyoonekana kustahimili chumvi ndogo, na mahameli haiijali kabisa, kwa hiyo usipoona nafuu baada ya wiki mbili badili njia.

*Shaba.* Hii huua vyote viwili, madoa na mahameli. Ni ule mrututu, fuwele za buluu ambazo wakulima hupulizia mimea. Kinachotakiwa ni shaba miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa kila lita, na nafasi kati ya dozi na sumu ni ndogo. Tafuta mrututu safi wa maabara, si wa mifuko ya shamba ambao hujui umechanganywa na nini. Yeyusha gramu 4 ndani ya lita 1 ya maji yaliyosafishwa. Kila mililita ya maji hayo sasa ina shaba miligramu 1. Kwa tangi la lita 100, mililita 20 ndiyo dozi kamili. Tia nusu leo, pima, tia iliyobaki kesho huku unapima. Baada ya hapo pima kila siku, asubuhi, na rekebisha. Ikishuka chini ya 0.15 vitoto vinapita. Ikipanda juu ya 0.20 samaki anaacha kula. Shikilia siku 21 kwa uchache, wengi wetu hufika 30. Asiye na kipimo cha shaba asiguse njia hii.

Wapo wanaotumia klorokwini kwa mahameli, miligramu 10 kwa lita. Wenye umri wangu wanaikumbuka kwa uchungu wake na kwa muwasho, kabla Kenya haijaiacha kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 1998. Na minyoo bapa inauliwa kwa prazikwanteli, ile ile tunayoijua kwa kichocho, miligramu 2 hadi 2.5 kwa lita, ukirudia baada ya wiki moja kwa sababu haiui mayai. Lakini tembe za binadamu zina vitu vingine vya kuzishikanisha, huchafua maji na hazipimiki vizuri. Mwone daktari wa mifugo akutafutie unga wenyewe. Na usichanganye dawa mbili ndani ya beseni moja kwa kuwa umechoka kungoja.

Tangi nalo lifunge

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Wamemtibu samaki vizuri, amenona, halafu wanamrudisha kwenye tangi lile lile lenye magamba chini. Baada ya wiki mbili wanasema dawa ilikuwa bandia.

Tangi linapaswa kufunga. Lisiwe na samaki hata mmoja, hata yule mdogo aliyejificha nyuma ya jiwe ambaye unaona uvivu kumkamata. Huyo mmoja anatosha kulisha kizazi kizima. Kaa, kamba, konokono na matumbawe wabaki, vimelea hivi haviishi kwao. Pampu iendelee, taa iendelee, wape chakula kidogo.

Kwa muda gani? Wiki 6 ndicho kiwango cha chini, na mara nyingi zinatosha. Lakini ukikumbuka lile gamba la siku 72, utaelewa kwa nini wafugaji waangalifu hufunga siku 76. Ni ndefu kuliko Ramadhani mbili, najua. Rafiki yangu alipoisikia alishika kichwa. Nilimwambia andika tarehe kwenye kioo, kwa kalamu ya wino mzito, kila mgeni aisome. Aliandika. Wageni walianza kumuuliza siku imefika ya ngapi, na hilo ndilo lililomzuia asinunue samaki mapema.

Maneno ya vijiweni

*"Tia kitunguu saumu."* Kitunguu saumu humpa samaki hamu ya kula, na samaki anayekula hupigana vizuri zaidi. Lakini hakiui kimelea kilicho chini ya ngozi.

*"Pandisha joto."* Ushauri huu hutoka nchi za baridi. Maji yetu tayari yako kwenye nyuzi 25 hadi 30, ndipo kimelea kinapostawi. Ukipasha zaidi unaharakisha vitoto na kupunguza hewa, wakati samaki anahitaji hewa kuliko jana.

*"Nunua yule msafishaji."* Kuna samaki mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi, anayewasafisha wenzake miambani. Ni kweli ni daktari. Mtafiti Alexandra Grutter alipomchunguza katika kisiwa cha Lizard, Australia, alikuta mmoja anakula vimelea 1,200 hivi kwa siku. Ila wengi wao ni chawa wanaotembea juu ya ngozi. Cha madoa kimejificha chini ya ngozi, hakifikii. Msafishaji huyo huyo hufa njaa ndani ya matangi mengi, na kumtoa mwambani ni kuwanyima tabibu samaki waliobaki. Ni miongoni mwa samaki wanaokamatwa kwa wingi Kenya kwa biashara ya samaki wa mapambo. Mwache huko.

*"Aliyepona hashikwi tena."* Aliyenusurika hupata kinga kiasi kwa miezi kadhaa. Kinga hiyo humfanya abebe kimelea kimoja kimoja bila kuonyesha, mpaka siku unapomletea mwenzake mgeni.

Faida na hasara ya kukaa karibu na bahari

Wenzetu wa Nairobi hununua chumvi ya paketi. Sisi tunachota ndoo. Ni neema, lakini ina masharti.

Chota maji yakiwa yamejaa, wakati wa bamvua, mahali penye mkondo safi. Usichote mdomoni mwa mto. Mvua za masika zikinyesha bara, mto Sabaki huiletea Malindi tope jekundu linalobadilisha rangi ya ghuba nzima, na chumvi hushuka. Usichote kwenye hori la Mida wala la Kilifi baada ya mvua kubwa. Pima kila mara. Maji yakae kwenye pipa lenye kifuniko, gizani, siku kadhaa yatulie, kisha uchote ya juu uache ya chini.

Maji matupu hayana hatari sana, kwa kuwa kitoto kisichopata samaki hufa upesi. Hatari ni vitu vigumu vinavyobeba gamba: jiwe, kombe, konokono, hata wavu ulioloa. Kila kinachotoka mwambani au kwenye tangi la mtu mwingine kikae peke yake, bila samaki, siku zile zile 76.

Na samaki mpya, hata kama amekamatwa leo asubuhi na unamjua aliyemkamata, akae karantini wiki 4 kamili. Mzamiaji mwaminifu anakuuzia samaki mwenye nguvu. Hawezi kukuahidi samaki asiye na kimelea, maana hata yeye hakioni. Wakati wa karantini mpe utumbukizo mmoja wa maji baridi kutazama minyoo, umpitishe kwenye mahamisho ya siku 13, ndipo umwangalie akila kwa wiki mbili zinazobaki.

Nyavu na ndoo za tangi moja zisiguse jingine. Samaki akifa, mzike nchi kavu mbali na maji. Maji ya tangi lenye ugonjwa yatie Jik, yamwage msalani. Usiyarudishe baharini, wala usimrudishe samaki uliyemtibu ukidhani unamwachia huru. Utakuwa unapeleka ugonjwa na mabaki ya dawa kwa samaki ambao hawakukukosea.

Kila anayekufa ana mahali alikotoka

Nimeongea kuhusu vimelea, lakini kuna hesabu nyingine. Tangi la rafiki yangu lilikuwa na samaki tisa. Angewajaza tena wiki ile ile, kama alivyotaka, wangekufa tisa wengine, na labda tisa wengine tena. Samaki hao wangetoka mwambani mwetu.

Bustani za baharini za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika, na ndani yake huruhusiwi kuchukua hata kombe. Nje ya bustani, mkusanyaji wa samaki wa mapambo anatakiwa awe na leseni ya uvuvi, na wewe mnunuzi mwombe akuonyeshe. Kule Kuruwitu, pia katika kaunti yetu ya Kilifi, wavuvi wenyewe waliona mwamba wao unakonda, na ukusanyaji wa samaki na matumbawe wa mapambo ulikuwa sehemu ya sababu. Mwaka 2005 walitenga kipande cha bahari cha hekta 30 hivi, wakakiacha kipumzike. Samaki wakarudi. Mwaka 2017 jumuiya hiyo ilipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Nao hawakutumia dawa yoyote. Walifunga mlango, wakahesabu miaka.

Siku 76 za rafiki yangu zilipotimia alinipigia, sasa akiwa makini. "Nitie samaki wote?" Nikamwambia atie mmoja, aliyetoka karantini, angoje. Alinisikiliza. Leo ana watano, na haongezi.

Basi ukiona doa jioni ya leo, usikimbilie dukani wala kumwuliza mtu dawa. Chukua kalamu, andika tarehe kwenye kioo. Kisha tafuta beseni. Na siku madoa yatakapotoweka, usimpigie mtu simu ya furaha. Hiyo ndiyo siku ya kuanza kuhesabu.